Hifadhi Haihami: Joto la Dunia na Vipepeo wa Miombo ya Urambo

Mwaka 1898, huko Mashonaland ambayo leo ni sehemu ya Zimbabwe, mtafiti wa wadudu Guy Marshall alichukua mayai yaliyotagwa na kipepeo mwekundu, akawalea viwavi walioanguliwa hadi wakapevuka, na miongoni mwao akatoka kipepeo wa bluu iliyokolea. Hadi wakati huo wataalamu walikuwa wamewaandika hao wawili kuwa aina mbili mbalimbali. Marshall alionyesha kwamba ni kipepeo mmoja, Precis octavia, anayevaa nyekundu masika na bluu kiangazi. Majaribio ya maabara yaliyofanywa miongo kadhaa baadaye yalibainisha kinachoamua rangi hiyo: ni joto analolipata mdudu kabla hajatoka na mabawa. Akikulia penye joto hutoka mwekundu. Akikulia penye ubaridi hutoka wa bluu.

Watu wengi wakisikia kwamba kupanda kwa joto la dunia kunadhuru vipepeo hufikiria jua kali linalowaua. Hilo lipo, na nitalieleza, lakini kwa nchi ya miombo kama Urambo siamini kuwa ndilo kubwa. Kubwa ni kwamba kwa wengi wa wadudu hawa joto ni habari. Huwajulisha kama mvua inakuja au imekwisha, kama nyasi zitaota au zitakauka. Habari hiyo imeanza kupotosha, tena katika nchi tambarare isiyo na mlima wa kukimbilia, ndani ya hifadhi ambazo mipaka yake ilichorwa kwa sababu zisizohusiana kabisa na hali ya hewa.

Urambo iko magharibi mwa Tabora, kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa meta 1,100 hivi. Hapa ndipo Mtemi Mirambo alipoijenga dola yake, akawa anaifunga na kuifungua njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, mpaka alipofariki mwaka 1884. Kusini mwa mji, miombo inateremka polepole kuelekea Mto Ugalla, unaopeleka maji yake Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Pori la Akiba la Ugalla lilianzishwa mwaka 1965, na mwaka 2019 likapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Kando yake kuna misitu ya hifadhi, na kuna eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori la Uyumbu, ambalo ni ardhi iliyotengwa na vijiji vya Urambo vyenyewe. Bonde la Malagarasi na Muyovozi, lenye kilometa za mraba 32,500, liko chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu tangu mwaka 2000. Wanaozinadi hifadhi hizi hutaja korongo, palahala, viboko na simba. Vipepeo hawatajwi, ingawa Tanzania ina aina zaidi ya 1,300 za vipepeo na sehemu ya hao ni wa miombo tu, hawaishi kwingine.

Ili kuelewa kinachowapata, lazima kuanza na kalenda ya nchi yenyewe. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huitabiria pamoja na Kigoma na Katavi. Mvua zikikatika, usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi. Agosti miti hupukutisha majani. Septemba na Oktoba jua hupamba moto, na hapo, kabla ya tone la kwanza, mitundu na jamaa zake huchipua majani mapya mekundu, kwa kutumia maji ambayo miti ilikuwa imeyaweka akiba. Nyasi hazina akiba ya namna hiyo. Nyasi husubiri mvua yenyewe.

Basi kuna vipepeo wa miti na vipepeo wa nyasi. Miongoni mwa wa miti yupo Charaxes guderiana, ambaye viwavi wake hula majani ya mtundu na miti ya ukoo wake. Ni mnene, ana nguvu, na hapendi maua. Hufuata utomvu wa miti iliyojeruhiwa, kinyesi cha wanyama, na matunda yaliyochacha. Miembe iliyopandwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kando ya njia ya misafara imewapa chakula vipepeo wa namna hii kwa zaidi ya karne moja. Maembe yakianza kudondoka, simama chini ya mwembe mmojawapo saa nne asubuhi. Charaxes atakuwa amekunja mabawa juu ya embe lililopasuka, mrija wa mdomo umezama kwenye nyama ya tunda, na hata ukimsogelea karibu atatikisika tu bila kuruka. Chini kabisa, kwenye kivuli, kuna kipepeo mwingine mdogo wa kahawia anayetembea kati ya majani makavu na maganda. Huyo ni wa jenasi ya Bicyclus, na ndiye anayenishughulisha zaidi katika makala haya.

Viwavi wa Bicyclus hula nyasi. Anayetoka wakati wa mvua ana madoa makubwa pembezoni mwa mabawa yanayofanana na macho: duara jeusi, pete ya manjano kulizunguka, kitone cheupe katikati. Ndege au vunjajungu akimshambulia hulenga jicho hilo la bandia, hurarua pembe ya bawa, na kipepeo mwenyewe huondoka na uhai wake. Anayetoka kwa ajili ya kiangazi hana macho hayo, au anayo yamefifia na kubaki vitone, na rangi yake yote ni ya jani kavu. Hakuna nyasi za kuwalisha watoto, kwa hiyo haharakishi kuzaa. Hukaa kimya kwenye takataka za msituni, akiishi kwa miezi kadhaa pale ambapo mwenzake wa masika huishi kwa wiki chache, akingoja mvua ndipo atage. Paul Brakefield na wenzake walianza kuwachunguza vipepeo hawa Malawi tangu miaka ya 1980, katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua kama Tabora. Maabara zimethibitisha kwamba aina iitwayo Bicyclus anynana, ikilelewa kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, hutoa umbo la masika, na ikilelewa chini ya nyuzi 20 hutoa umbo la kiangazi. Joto hubadili wakati ambapo homoni fulani hupanda ndani ya pupa, na homoni hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa macho, unene wa mwili na haraka ya kuzaa, vyote kwa pamoja.

Kwa maelfu ya miaka mpango huu ulifanya kazi, kwa sababu katika uwanda wetu joto na mvua vilikuwa vikifuatana kwa mpangilio unaotabirika. Ubaridi ulipoingia mwishoni mwa masika, nyasi zilikuwa karibu kukauka. Joto lilipopanda, mvua ilikuwa mlangoni. Sasa fikiria Mei yenye joto la Machi. Nyasi zinakauka kwa wakati wake, pengine mapema zaidi kwa sababu hewa yenye joto hunyonya maji haraka, lakini kiwavi anapata ujumbe kwamba masika yanaendelea. Anatoka na macho makubwa katika msitu wa majani ya kahawia, akiwa shabaha kwa kila ndege. Mbaya zaidi, anaharakisha kuzaa. Jike anataga kwenye nyasi ambazo wiki tatu baadaye zitakuwa makapi, na viwavi wanakufa kabla ya kufikia kuwa pupa. Mwisho wa kiangazi nao unapotosha hivyo hivyo. Joto la Septemba linapokuja mapema huku mvua ikichelewa hadi Desemba, waliovumilia miezi yote hiyo kwenye takataka za msitu wanaongezewa wiki za kungoja, na akiba ya mafuta mwilini haiongezeki.

Mtu atasema wadudu huzaa haraka, vizazi vingi kwa mwaka, basi watabadilika. Mimi pia ningependa iwe hivyo. Lakini mwaka 2018 Vicencio Oostra na wenzake walichapisha utafiti juu ya Bicyclus anynana unaopunguza tumaini hilo. Walizilea familia kadhaa za kipepeo huyo kwa joto la masika na la kiangazi, wakapima namna jeni zinavyoitikia. Mwitikio ulikuwa mkubwa, ila karibu wa namna moja katika kila familia. Uteuzi wa asili hufanya kazi pale panapokuwa na tofauti za kuchagua. Kipepeo aliyezoea kwa vizazi vingi kutegemea dalili isiyokosea amepoteza tofauti hizo, kwa kuwa waliokuwa wakiitikia tofauti walikufa zamani. Kwa hiyo uwezo wake wa kubadilika kimsimu, ambao ungedhaniwa kuwa ngao dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, unaweza kuwa ndio udhaifu wake.

Haki ni kuongeza kwamba joto si dalili pekee. Ubora wa nyasi anazokula kiwavi nao huchangia: akila nyasi zinazokauka hukua polepole na huelekea zaidi kwenye umbo la kiangazi. Hilo ni jambo la kutia moyo, na lina maana kwa wanaosimamia ardhi. Pale ambapo kuna nyasi za hali mbalimbali, za mbugani penye udongo mweusi unaotunza unyevu na za kichangani panapokauka mapema, kiwavi ana dalili ya pili ya kusahihisha ile ya kwanza. Pale ambapo ng'ombe wamekula zote au moto umepita kila mahali kwa siku moja, hana.

Sasa lile joto lenyewe. Mwaka 2008 Curtis Deutsch na wenzake walionyesha jambo ambalo watu wa nchi za baridi hawakulitarajia: wadudu wa tropiki, ingawa ongezeko la joto kwao ni dogo kuliko la ncha za dunia, wako hatarini zaidi, kwa kuwa tayari wanaishi karibu na kiwango cha juu wanachokimudu. Mdudu wa Ulaya ana nafasi ya kupashwa. Wa kwetu hana nafasi kubwa. Katika miombo hatari huongezeka kwa sababu miezi ya joto kali ndiyo hiyo ambayo miti imepukutika na kivuli ni haba. Walio na pa kujificha ni wale walio karibu na vichaka vya mtoni, au vichaka vinavyoota juu ya vichuguu, ambavyo hubaki kijani wakati msitu mzima umekauka. Kichuguu kikubwa chenye miti yake ni hifadhi ndogo ndani ya hifadhi, na ningetamani kila mpango wa usimamizi wa Ugalla uvitaje hivyo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu wadudu, joto na hifadhi katika upande huu wa Afrika unatokana na ndorobo. Katika Bonde la Zambezi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mana Pools nchini Zimbabwe, kituo cha Rekomitjie kimekuwa kikiwahesabu kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa tangu mwaka 1975 wastani wa joto umepanda kwa karibu nyuzi 1, na katika mwezi wa joto zaidi, Novemba, kwa nyuzi 2 hivi. Ndorobo walionaswa kwa kila zamu ya kukamata walikuwa zaidi ya 50 mwaka 1990. Mwaka 2017 walikuwa chini ya 1. Pori lilikuwa limelindwa, wanyama wa kuwanyonya wapo, hakuna aliyefyeka. Joto lilitosha.

Bonde la Zambezi liko chini kuliko Urambo na lina joto kuliko Urambo, kwa hiyo halitupi tarehe yetu. Lakini kwa Unyamwezi, yaani nchi hii ya Tabora na Urambo, habari ya ndorobo ina uzito wa pekee, kwa sababu mapori haya yalibaki kwa ajili yake. Ndorobo alizuia ng'ombe na kuleta malale, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa magharibi katika makazi ya pamoja ili kuukwepa ugonjwa, ardhi kubwa ikaachwa. Kile ambacho baadaye kilipewa jina la pori la akiba kilikuwa kwa sehemu kubwa ardhi ambayo ndorobo alikuwa amekwisha kuilinda. Joto likimpunguza huko magharibi kama lilivyompunguza Zambezi, mlinzi wa zamani wa miombo ataondoka, na presha ya mifugo na mashamba kwenye mipaka ya hifadhi itapanda. Kipepeo hana uhusiano wowote na ndorobo, lakini hatima zao zimefungwa pamoja na mti uleule.

Tuje kwenye suala la kuhama. Mwaka 1999 Camille Parmesan na wenzake walichunguza aina 35 za vipepeo wa Ulaya wasio wasafiri, wakakuta asilimia 63 zimesogeza maeneo yao kuelekea kaskazini kwa kilometa 35 hadi 240 katika karne ya 20. Huko Borneo, kwenye Mlima Kinabalu, nondo waliohesabiwa mwaka 1965 na tena 2007 walikuwa wamepanda kwa wastani wa meta 67. Yaani mdudu akipatwa na joto huondoka kama ana njia. Hesabu ya njia hiyo ni rahisi. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 0.6 hivi kwa kila meta 100 za kupanda, kwa hiyo kuikwepa nyuzi 1 mlimani kunataka kupanda meta 170 tu, safari ambayo kipepeo anaimaliza kwenye mteremko mmoja. Katika tambarare nyuzi hiyohiyo 1 inadai kilometa nyingi mno. Scott Loarie na wenzake walikadiria mwaka 2009 kasi ambayo hali ya hewa inasafiri juu ya ardhi katika karne hii: wastani wa dunia ni kilometa 0.42 kwa mwaka, milimani ni chini sana ya hapo, na katika nyika zinazofurika maji, aina ya nchi ambayo Malagarasi na Ugalla ni mfano wake, hufika kilometa 1.26 kwa mwaka. Kwa miaka 50 hiyo ni kilometa 63.

Milima iliyo karibu yenye kimo cha maana ni Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, ambayo kilele chake kinapita meta 2,400. Kutoka Urambo ni zaidi ya kilometa 250 kwa mstari ulionyooka. Na huko juu wamekwisha kuwapo wenyeji, vipepeo wa msitu wa mlimani ambao wenyewe wakisukumwa na joto hawana tena pa kupanda. Kipepeo wa miombo ya Ugalla hatakwenda Mahale. Atabaki kwenye uwanda, akihama kutoka kiraka hadi kiraka, kuelekea penye unyevu. Kwa hiyo swali la kuokoka kwake linaamuliwa zaidi nje ya hifadhi kuliko ndani: kati ya kiraka na kiraka pana nini?

Hapo historia ya Urambo inaingia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matingatinga yaliangusha miombo ya Urambo kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, na mpango mzima uliachwa mwaka 1951 baada ya kutumia pauni milioni 36 hivi. Wapangaji waliipuuza mvua na udongo wa hapa. Sehemu zilizokuwa zimefyekwa Urambo hazikurudishwa kwa msitu. Ziligeuzwa kuwa za tumbaku, na tumbaku ndiyo iliyobaki kuwa uchumi wa wilaya. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa moto unaowaka siku kadhaa mfululizo, na kuni zake ni miti ya miombo. Mkulima wa chama cha msingi hana nishati nyingine rahisi, na sioni haki ya kumlaumu yeye wakati zao lenyewe limepangwa hivyo na wanaolinunua. Wakati huohuo watu wameongezeka: Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 2,291,623 katika sensa ya 2012 na 3,391,679 katika ile ya 2022. Wanahitaji mashamba na mkaa.

Je, basi joto ndilo la kulaumiwa au shoka? Uingereza, yenye kumbukumbu ndefu za vipepeo kuliko karibu nchi zote, inasaidia kujibu. Mwaka 2001 Martin Warren na wenzake walitazama aina 46 za vipepeo ambao kwa hesabu ya joto peke yake walipaswa kunufaika, kwa kuwa kaskazini mwao kulikuwa kunapata joto. Robo tatu zilikuwa zimepungua. Walioongezeka walikuwa wale wanaoruka mbali na wanaoishi popote. Wale wanaotaka mazingira maalumu walipungua karibu wote. Joto lilifungua mlango, lakini ardhi iliyokatwakatwa haikuwapa njia ya kuufikia. Nadhani Urambo iko katika hali hiyo, na mbaya zaidi kidogo, kwa sababu hapa joto halifungui mlango wowote.

Ndiyo maana mtu anayeishi Urambo mjini anaweza kuona vipepeo wengi na kushangaa anapoambiwa kuna tatizo. Catopsilia florella, mweupe wa kijani kibichi hafifu, huzaliana kwenye jamii ya mijohoro, na mijohoro imepandwa mitaani, mashuleni na kwenye maofisi. Papilio demodocus, mweusi wenye madoa ya manjano, viwavi wake hula majani ya michungwa na milimao ya uani. Danaus chrysippus wa rangi ya chungwa hufuata magugu yenye utomvu mweupe kando ya barabara. Hawa watatu huruka mbali, na mwanadamu amewaongezea chakula. Wataendelea kuwepo. Wanaotoweka kimya ni wengine: wale wadogo wa kabila la Liptenini ambao viwavi wao hula kuvu na mwani unaoota kwenye magome ya miti mikubwa iliyozeeka, chakula ambacho hufa kwa ukame na kwa moto; na wale wa jenasi ya Lepidochrysops, wa samawati, ambao viwavi wao huanza kwa kula maua ya mimea ya jamii ya mrihani, kisha hubebwa na sisimizi wa aina maalumu hadi kiotani na kumalizia utoto wao humo wakila mabuu ya wenyeji wao. Kipepeo wa namna hii anahitaji ua lichanue kwa wakati wake, mdudu mwenyeji awe palepale, na moto usipite kabla. Mvua ikichelewa mwezi mmoja, mnyororo wote unalegea.

Moto ndio jambo ambalo hifadhi inaweza kulitawala, na kwa hilo kuna somo la zamani. Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika tangu 1919, aliyeongoza baadaye utafiti wa ndorobo Shinyanga hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alikuwa pia mtu wa vipepeo. Kabla ya kuja Tanganyika alitumia miaka akiwapa ndege vipepeo wa kila aina ili ajue wepi wanaliwa na wepi wanakataliwa. Katika vita vyake na ndorobo aliamuru nyasi zitunzwe hadi mwisho wa kiangazi ndipo zichomwe, kusudi moto uwe mkali na usambaze maangamizi msituni. Alijua anachofanya: moto wa Septemba na Oktoba hupanda hadi kwenye matawi, huua miche ya mninga, hufuta takataka ambamo Bicyclus wa kiangazi wamejificha, na huunguza majani mapya ya mtundu pamoja na viwavi waliomo. Moto wa Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu chini, huenda polepole na kuacha viraka.

Joto linapopanda, nyasi hukauka mapema na siku zinazofaa kwa moto wa mapema hupungua, huku siku za moto mkali zikiongezeka. Askari wa hifadhi aliyezoea kuchoma Juni atalazimika kuanza Mei, tena asichome kila mahali. Wakati Ugalla ilipokuwa pori la akiba, wafuga nyuki na wavuvi waliingia kwa vibali wakati wa kiangazi. Sheria za hifadhi ya taifa hazina nafasi hiyo. Ninaelewa sababu zake, lakini kumekuwa na gharama: mwenye mizinga yake hapendi moto wa Oktoba hata kidogo, na alikuwa jicho la bure ndani ya pori kubwa lenye askari wachache. Uyumbu, ambako vijiji ndivyo vyenye mamlaka, bado panaweza kufanya mapatano ya namna hiyo: mizinga kwa mwenye kuchoma viraka mapema na kuacha vichuguu na kingo za mbuga bila kuguswa. Kwa ajili ya vipepeo ningeitanguliza Uyumbu hata mbele ya hifadhi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyo kati ya mashamba ya tumbaku na Ugalla, na ukanda wa miombo ukikatika hapo hakuna njia nyingine ya karibu.

Jambo lingine ni kuhesabu. Jan Kielland, Mnorwe aliyekusanya vipepeo kwa miaka mingi magharibi mwa nchi, alichapisha mwaka 1990 kitabu kikubwa cha vipepeo wa Tanzania, na ndicho msingi wa kulinganishia. Katika msitu wa Kibale nchini Uganda, watafiti wamekuwa wakitundika mitego ya ndizi zilizochacha kwa miaka mfululizo na kuhesabu wanaoingia, na hivyo wameweza kuona jinsi idadi inavyopanda na kushuka kwa mvua na joto la miezi iliyotangulia. Waingereza tangu 1976 wana watu wa kujitolea wanaotembea njia ileile kila wiki na kuandika kila kipepeo wanayemwona. Gharama ya mtego wa ndizi ni kitambaa cha chandarua, sahani na kamba. Huko Usambara Mashariki, mradi wa vipepeo wa Amani uliowafundisha wanavijiji kufuga vipepeo na kuuza pupa nje tangu 2003 ulionyesha kuwa mkulima asiye na shahada hutofautisha aina kwa kuangalia kiwavi tu. Biashara yao ilisimamishwa na katazo la mwaka 2016 la kusafirisha wanyamapori hai, lakini ujuzi haukupotea.

Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora, na wanafunzi wake tayari hujifunza ni mti gani unachanua mwezi gani, kwa kuwa asali inategemea hilo. Daftari la tarehe za kuchanua kwa mtundu na kuchipua kwa nyasi, likiwekwa pamoja na mitego michache ya ndizi, mmoja ukingoni mwa Mto Ugalla, mmoja katikati ya Uyumbu, mmoja chini ya miembe ya Urambo, lingetuonyesha katika miaka kumi kama Bicyclus wa Mei wanatoka na macho makubwa au madogo. Kipimo hicho mtu anaweza kukichukua kwa rula.